Kisu cha kukunja cha kila siku: tazama wembamba kabla ya jina la chuma

Swali: "Fundi, habari za kazi? Mimi ni mtunza stoo. Kutwa nafungua maboksi, nakata mikanda ya plastiki na kamba, na mchana kisu hicho hicho ndicho ninachomenyea tunda. Nataka kisu kizuri cha kukunja, cha kukaa mfukoni kila siku, lakini kila nikiangalia nachanganyikiwa. Kimoja kimeandikwa D2, kingine 440, kingine 'chuma cha hospitali'. Vingine vina meno, vingine vinafyatuka kwa springi. Rafiki zangu wanasema nichukue kikubwa na kinene ili kinifae hata kwa kujilinda. Natumia mkono wa kushoto, sijui kama hilo linabadilisha chochote. Na je, heri kimoja cha bei kubwa au cha wastani?"

Jibu:

Nzuri, ndugu yangu, na ahsante kwa kutaja kazi yako mwanzoni. Wengi wanaoniuliza habari za visu huanza na kampuni au jina la chuma, nami hulazimika kuwarudisha nyuma: unakata nini? Wewe umeshataja boksi, mkanda, kamba na tunda, kwa hiyo tuna pa kuanzia.

Kwanza nikupunguzie mzigo. Kama maboksi ni mengi, usiyafungue yote kwa kisu chako kizuri. Karatasi ngumu ya boksi hula makali kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa yake hutokana na karatasi zilizokwisha kutumika, na ndani yake mna vumbi la mchanga na madini linalosugua chuma kila unapokata. Kwa kazi hiyo kuna kisu cha wembe wa vipande, kile ambacho ncha ikiwa butu unaivunja na kusukuma kipande kipya mbele. Kilibuniwa Japani mwaka 1956 na Yoshio Okada, mwanzilishi wa kampuni ya Olfa, na hadi leo sijaona chombo kinachokishinda kwenye boksi na gundi ya karatasi. Kiweke mezani pa kupokelea mizigo. Kisu cha mfukoni kibaki kwa boksi la mara mojamoja, kamba, mkanda, uzi unaoning'inia, bahasha, na hilo tunda lako la mchana.

Kwa kazi hizo ubapa, yaani kile chuma chenye makali, wa urefu wa sentimita 6 hadi 8 unatosha kabisa. Ukizidi sentimita 9, ncha huenda mbali na kidole na udhibiti unapungua. Mpini nao unakuwa mrefu kiasi kwamba unakuchoma nyonga ukiinama. Kisu kinachokera mfukoni huishia kwenye droo, na siku ukikihitaji hakipo. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakumtaja mwenye kisu kirefu.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote: tazama wembamba wa ubapa kabla ya jina la chuma. Makali ndiyo yanayoanza kukata, lakini mwili mzima wa kisu lazima upite nyuma yake. Ukikata uzi, mwili hauna shida, kwani uzi ukishakatika unaachia. Ukikata kitu chenye kina, kama karoti au tabaka mbili za boksi, ubapa mnene huingia kidogo halafu unakwama, unaanza kupasua badala ya kukata. Wewe unaongeza nguvu. Nguvu ikizidi na kitu kikiachia ghafla, kisu kinakwenda pasipotarajiwa, mara nyingi kwenye mkono wa pili. Watu wengi huja na visu vya namna hii wakilalamika kuwa ni butu. Navijaribu kwenye karatasi, vinanyoa. Si butu hata kidogo; ni vinene.

Wembamba una sehemu mbili. Kuna unene wa mgongo wa kisu, na kuna unene wa chuma mara tu nyuma ya makali. Mgongo wa milimita 2 au pungufu ni mzuri sana kwa kazi zako. Wa milimita 3 bado unafaa kama ubapa umekwanguliwa vizuri kuanzia mgongoni hadi chini. Wa milimita 4 mwachie anayeupenda. Lakini muhimu zaidi ni pale nyuma ya makali, na pale huhitaji kifaa ili kupima. Tazama ule mteremko mdogo unaong'aa kandokando ya makali, uliotengenezwa na kinoo cha kiwandani. Kama kisu kimenolewa kwa pembe ya kawaida, digrii kama 20 kila upande, basi mteremko wenye upana wa nusu milimita maana yake chuma nyuma yake kina unene wa karibu theluthi moja ya milimita, na hicho kitakata kwa raha. Mteremko ukiwa na upana wa milimita moja, unene umefika karibu theluthi mbili, na utaanza kuuhisi kwenye karoti. Ukiona mteremko mpana kiasi cha kuuona kutoka upande wa pili wa kaunta, kirudishe kabatini bila kuuliza ni chuma gani.

Jambo hili si geni. Mwaka 1890 Joseph Opinel, huko Savoie nchini Ufaransa, alianza kutengeneza kisu chenye ubapa mwembamba na mpini wa mti, na umbo lake halijabadilika sana hadi sasa. Mgongo wake, hata kwenye namba 8 ambayo ubapa wake una sentimita 8.5, hauzidi milimita 2. Visu vya mfukoni vya Victorinox, kampuni ya Uswisi, navyo vina ubapa mwembamba. Chuma chao hakitajwi sana na wapenda visu, kwa sababu si kigumu kupita kiasi, lakini vikinolewa vinakata tunda na boksi vizuri kuliko visu vingi vinavyouzwa kwa sifa za chuma adimu.

Rafiki zako watasema kisu kinene hakivunjiki. Ni kweli ubapa wenyewe haukatiki upesi, lakini kisu cha kukunja hakivunjikii hapo. Udhaifu wake uko kwenye bawaba, pale ubapa unapozungukia. Ukikitumia kufungua kopo la rangi au kunyanyua msumari, bawaba italegea hata kama mgongo ni mnene kama nini. Kwa kunyanyua, tumia bisibisi bapa. Kwa hiyo unene unaoulipia kwa kukosa raha ya kukata hauna kazi utakayoifanya.

Umbo la ncha nalo linahusu stoo. Ncha kali inayopanda juu huingia ndani ya boksi na kuchana bidhaa. Makali yaliyonyooka, na mgongo unaoshuka kuyafuata mbele, hukupa ncha iliyo chini ambayo unaiona na kuiongoza. Unakata gundi bila kutoboa kilichomo. Kwa tunda, makali yenye mviringo kidogo ni mazuri zaidi. Ukitaka kimoja kwa yote, chukua chenye mviringo mdogo na ncha isiyopanda. Mikanda ya plastiki ikate kwa uangalifu kuliko vyote: ikivutwa sana kwenye mzigo huruka ikikatwa, hivyo simama pembeni, bana mkanda kwa mkono wenye glavu upande mmoja, pitisha kisu chini yake makali yakitazama nje, mbali nawe. Miwani ya kinga si anasa hapo.

Meno uliyoyaona kwenye visu vingine yana faida ya kweli kwenye kamba nene na plastiki, kwa kuwa kila jino linashika na kurarua. Lakini wewe yatakusumbua kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuyanoa kunataka kinoo cha fimbo ya mviringo na subira ya jino kwa jino. Ya pili, meno mengi hukwanguliwa upande mmoja tu wa ubapa, na kisu chenye makali ya upande mmoja huvuta kuelekea upande mmoja kinapokata. Unaona mkato unakwenda kombo bila kujua sababu. Chukua makali mazima.

Tuje kwenye chuma, maana najua swali hilo halitakuacha ulale. Kila chuma cha kisu ni mapatano ya mambo matatu: ugumu unaofanya makali yadumu, ustahimilivu unaozuia yasimeguke, na uwezo wa kukataa kutu. Ukiongeza kimoja, kwa kawaida unapunguza kingine. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na visu vya mfukoni huangukia kati ya 54 na 62. Victorinox wako kwenye 55 au 56: makali yanachoka mapema, lakini dakika chache kwenye kinoo chochote zinayarudisha. Kisu cha 61 kitakaa muda mrefu bila kunolewa, ila siku ya kukinoa utahitaji kinoo cha almasi na muda zaidi.

Kutu huzuiwa na kroma, metali inayochanganywa ndani ya chuma. Mwaka 1913 Harry Brearley, mjini Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akapata chenye kroma nyingi ambacho hakikushika kutu kirahisi, na visu vya mezani vikabadilika tangu hapo. Kwa kawaida chuma huhesabiwa kuwa hakishiki kutu kikiwa na kroma kuanzia asilimia 10 na nusu hivi. Sasa tazama D2 uliyoitaja. Ina kroma kama asilimia 12, kwa hiyo kwa hesabu ungeiweka kundi hilo. Lakini ina kaboni nyingi pia, kama asilimia moja na nusu, na kaboni hiyo hunyakua sehemu kubwa ya kroma na kutengeneza chembe ngumu ndani ya chuma. Kroma iliyobaki kuzuia kutu ni pungufu. Matokeo yake ni kisu kinachodumisha makali vizuri kwenye boksi lakini kinachopata madoa ukikiacha na maji ya limau au jasho. Ni chuma kizuri kwa mtu anayefuta kisu chake. Kwa anayemenya tunda na kukikunja kikiwa na majimaji, si chaguo langu.

Ile 440 iko namna tatu, A, B na C, na tofauti yao kubwa ni kaboni: A ina kati ya asilimia 0.60 na 0.75, C kati ya 0.95 na 1.20. 440C ikichomwa vizuri ni chuma cha heshima hadi leo. Kikiandikwa 440 bila herufi, hesabu kuwa ni A, maana hakuna mtengenezaji mwenye C anayesahau kuandika hiyo herufi. Na "chuma cha hospitali" si jina la chuma chochote. Halikuambii kaboni, kroma wala ugumu. Mwenye chuma kizuri angekuandikia jina lake.

Vyuma vipya vya unga ni habari nyingine. Badala ya kumimina chuma kikapoa kama bonge, hunyunyizwa kikawa chembechembe ndogo, kisha zinashindiliwa kwa joto na shinikizo. Kwa njia hiyo zile chembe ngumu zinasambaa sawasawa badala ya kukusanyika mahali pamoja. S30V ya kiwanda cha Crucible, Marekani, ilitoka mwaka 2001 kwa ajili ya visu hasa. MagnaCut, iliyobuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas, ikaja mwaka 2021 na imepatanisha yale mambo matatu vizuri kuliko vyuma vingi vilivyoitangulia. Ni kazi ya kupendeza mno, nami huvifurahia vikipita mikononi mwangu. Lakini kwako havihitajiki. 14C28N, chuma cha asili ya Sweden chenye kroma asilimia 14 hivi, kitakupa makali mazuri, hakitashika kutu kwa tunda, na utakinoa mwenyewe. 8Cr13MoV ya China, ikitoka kwa mtengenezaji makini, nayo inatosha.

Nasema mtengenezaji makini kwa sababu jina la chuma ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni moto. Chuma hupashwa hadi kiwango maalumu, kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kwa moto wa wastani ili kisiwe kama kioo. Mtu akikosea hatua hizo, chuma cha kifahari kinaweza kuwa kibaya kuliko cha kawaida kilichochomwa na fundi anayejua kazi. Ndiyo maana kisu cha bei rahisi sana chenye jina la chuma cha bei kubwa kinapaswa kukutia shaka. Kuchora jina kwenye ubapa kwa leza ni kazi ya sekunde chache, na hata mawimbi mazuri unayoyaona kwenye visu vingine vinavyodaiwa kuwa ni vya Dameski, yaani vya tabaka za chuma zilizofuliwa pamoja, huweza kuchorwa juujuu tu.

Kuhusu mkono wa kushoto: ndiyo, unabadilisha mambo, na hapa ndipo ninapotaka uchague kwa makini kuliko mtu mwingine. Shida iko kwenye komeo, kile kinachozuia ubapa usijikunje wenyewe.

Komeo lililoenea sana siku hizi ni la bamba. Ndani ya mpini kuna bamba jembamba la chuma linalojipinda na kukaa nyuma ya ubapa ukifunguka. Mmarekani Michael Walker ndiye aliyelipa sura tunayoijua, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ili kukunja kisu unasukuma bamba pembeni kwa kidole gumba, na bamba limewekwa upande unaokifaa kidole gumba cha mkono wa kulia. Ukikishika kwa kushoto, unalazimika kulivuta kwa kidole cha shahada huku kidole kimekaa penye njia ya makali. Inawezekana, na watu wa mkono wa kushoto hujizoeza, lakini siwezi kukushauri ukafanye hivyo kazini kila siku. Jamaa yake ni komeo ambalo ubavu wa mpini wenyewe ndio umekatwa ukawa springi. Ni imara zaidi, ila lina tatizo hilohilo, na ukikishika kwa kushoto vidole vyako havikandamizi ule ubavu kuusaidia ushike.

Makomeo yasiyochagua mkono yapo. Komeo la mgongoni, lililopata umaarufu kwa kisu cha Buck 110 cha mwaka 1964, lina mkono wa chuma kwenye mgongo wa mpini. Unaubonyeza, ubapa unaachia. Ni imara, rahisi kueleweka, na pande zote mbili ni sawa. (Buck 110 yenyewe ina gramu kama 200, ni ya kuvaa mkandani kwenye ala, usiiweke mfukoni.) Komeo la pini inayokingama, ambalo kampuni ya Benchmade ililitangaza mwishoni mwa miaka ya 1990 na sasa limeigwa na wengi, lina vifundo viwili, kimoja kila upande, na unakunja kisu bila kidole chochote kuwa penye njia ya makali. Kwa mtu wa mkono wa kushoto sijui zuri kuliko hilo. Pete ya Opinel, iliyoongezwa mwaka 1955, inazungushwa kwa mkono wowote, ingawa kukifungua bado unatumia ukucha.

Halafu kuna visu visivyo na komeo kabisa, vinavyoshikiliwa na springi ya mgongoni tu. Victorinox nyingi ni za namna hii. Watu huviona ni hatari, mimi nadhani vinafundisha adabu: unajua kinaweza kujikunja, kwa hiyo unakata kuelekea makali tu, hupigi ncha kwenye kitu. Angalia tu ule mfuo wa ukucha, kwa kawaida uko upande mmoja na umekusudiwa wa mkono wa kulia. Victorinox hutoa pia baadhi ya visu vilivyogeuzwa kwa ajili ya mkono wa kushoto, uliza. Vivyo hivyo kibanio cha kuning'inizia mfukoni: hakikisha kinahamishika upande wa pili, yaani tazama kama kuna matundu ya skrubu pande zote mbili za mpini.

Hata komeo liwe imara namna gani, usiliegemee. Vumbi likijaa ndani, au bamba likichakaa, litaachia siku moja. Kila unapokata, jiulize vidole vyako viko wapi kama kisu kingejikunja sasa hivi.

Sasa hili la kujilinda. Nakuomba uliondoe moyoni mwako, na nasema kwa uzito wote. Kisu cha kukunja huchukua muda kufunguka, hakina kizuizi cha kuzuia mkono usiteleze juu ya makali, na mtu aliyeogopa hujikata mwenyewe kwa urahisi mno. Zaidi ya hapo, kisu kinachotolewa kwenye ugomvi ambao ungeishia kwa matusi huugeuza kuwa maziko au kifungo. Katika nchi nyingi, nia hiyo peke yake hugeuza kisu cha tunda kuwa silaha mbele ya sheria. Ukiulizwa kwa nini unacho, jibu lako liwe la kweli na la kazi.

Sheria zenyewe hutofautiana sana, na kinachoruhusiwa kwa jirani kinaweza kukutia matatani kwako. Uingereza, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, sawa na sentimita 7.62, na kisicho na komeo, unaweza kutembea nacho bila kudaiwa sababu. Kikiwa na komeo au kikizidi urefu huo unahitaji sababu ya msingi. Ujerumani wanakazia visu vyenye komeo vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Japani huangalia kama ubapa unazidi sentimita 6. Vile vya kufyatuka kwa springi ndivyo vinavyopigwa marufuku mara nyingi zaidi, nawe huvihitaji: kijitundu au kinundu cha kusukumia kwa kidole gumba kinafungua kisu haraka vya kutosha. Tafuta sheria ya mahali ulipo, pamoja na kanuni za mwajiri wako, kabla ya kulipa. Na ukisafiri kwa ndege, kisu kiende kwenye sanduku linalopakiwa chini.

Mpini sitakaa nao sana. Mti ni mzuri mkononi lakini ukilowa huvimba na kubana ubapa. Nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo ni nyepesi, haiozi, nayo ndiyo ningekuchagulia kwa stoo. Vyuma vitupu huteleza mkono ukiwa na jasho. Kishike kwa nguvu kama unayekata kamba ngumu, kaa hivyo kidogo; kama kuna kona au kibanio kinachokuchoma kiganjani dukani, kazini kitakuchubua. Uzito kati ya gramu 50 na 100 utausahau mfukoni.

Ukiwa nacho mkononi kabla ya kununua, kifungue na kukifunga taratibu mara kadhaa. Kikiwa kimefungwa, tazama kwa juu kama ubapa umekaa katikati ya mpini bila kugusa ubavu. Kikiwa wazi, shika ubapa mgongoni kwa vidole viwili, utikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Mtikisiko wa pembeni mara nyingi hutibika kwa kukaza skrubu ya bawaba. Wa juu na chini ni kasoro ya komeo, kiache.

Bei: nunua cha wastani, na kiasi kinachobaki ununue kinoo. Hili ndilo jibu langu kwa kila mtu ambaye bado hajajua kunoa. Kinoo cha pande mbili, chenye chembe za namba 400 (kali) na 1000 (laini), kinatosha. Weka ubapa kwenye pembe ya digrii 15 hadi 20, sukuma upande mmoja hadi uhisi kwa kidole, kwa kupapasa kutoka mgongoni kuelekea nje, kiwimbi kidogo cha chuma kimejikunja upande wa pili kwa urefu wote wa makali. Hapo ndipo ugeuze, si kabla. Wanaoshindwa kunoa karibu wote hugeuza mapema, wakaacha makali hayajakutana. Upande wa pili ukishatoa kiwimbi chake, hamia kwenye chembe laini, punguza nguvu, ukigeuza kila pigo, kisha malizia kwa kukiburuta kinyumenyume kwenye ngozi ya mkanda wa zamani hadi kiwimbi kiishe. Mteremko ukianza kuwa mpana baada ya miezi ya kunoa, usiendelee kusugua makali peke yake. Laza kisu kidogo zaidi kwenye kinoo upunguze chuma kilicho nyuma yake.

Ningekuwa na kazi yako na mkono wako, ningechukua chenye ubapa wa sentimita 7 hivi, mgongo usiozidi milimita 2 na nusu, makali mazima, 14C28N au kinachofanana nacho, mpini wa nailoni, na komeo la pini inayokingama au la mgongoni kama sheria ya kwako inaruhusu komeo. Kama hairuhusu, Victorinox ya kawaida iliyogeuzwa kwa mkono wa kushoto. Kimenyee tunda, kifute kikauke kabla ya kukikunja, na mara mojamoja dondoshea bawaba tone la mafuta yasiyodhuru chakula, maana yatafika kwenye ubapa na kutoka hapo kwenye tunda lako.